Mwili Haukuumia, Lakini Mutu Amebaki Kwenye Shimo

Siku moja ya malipo, dereva mmoja wa lori kubwa za mawe, mwenzetu wa miaka mingi, alituingilia kwenye ofisi ya sendika. Hakuleta mambo ya mushahara. Alifunga mlango, kiisha akasema polepole: «Ba délégué, mimi sikuumia. Ata kakidonda kamoja sikupata. Lakini tangu ile siku ukuta iliangukia benzetu, silale tena muzuri. Bibi yangu analala na batoto, juu usiku ninapiga ngumi bila kujua.»

Tulimuuliza kama alishaenda kwa munganga wa kompani. Akacheka. «Niende nimwambie nini? Ataandika inapte, kesho banipe décompte.»

Tumesikia maneno ya namna hii mara mingi, njo maana tunaandika leo. Kila ajali kwetu iko na liste mbili: ya waliokufa na ya walioumia. Liste ya tatu hakuna anayeiandika. Ni ya wale waliotoka wazima, wale waliochimbua wenzao kwa mikono, waliobeba maiti, waliopiga simu kwa mujane. Tarehe 27 mwezi wa sita 2019, udongo ulianguka kwenye shimo la KOV kule Kolwezi, na zaidi ya creuseurs 40 walikufa. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2025, kule Kalando, pia Lualaba, daraja lilianguka, na watu wasiopungua 32 wakapoteza maisha. Hesabu ya wafu tunaijua. Nani alihesabu waliorudi nyumbani na ile kelele ndani ya kichwa?

Ugonjwa huu si uchawi wala si uoga. Kwa Kifaransa unaitwa stress post-traumatique. Sisi tuseme tu trauma. Baada ya mambo ya kutisha, karibu kila mutu analala vibaya siku kadhaa, na wengi wanapona bila dawa. Lakini mwezi ukipita, na bado unaona lile tukio usiku na mchana, unakimbia njia yoyote inayokukumbusha, unashituka mlango ukigongwa, unawakasirikia watoto bila sababu, basi haiko tena huzuni ya kawaida. Ni kidonda, na kidonda kinatunzwa.

Watu wanatuuliza: tutunzwe namna gani? Sisi si wanganga. Lakini tumeuliza wanaojua, tumesoma, na tunaona ni vizuri mufanyakazi ajue njia zilizopo mbele ya kuchaguliwa na mwingine.

Njia ya kwanza wengi wanayoishika haiko kwa munganga. Ni lutuku, ni Simba tatu mbele ya kulala. Inazima kichwa masaa machache, asubuhi kichwa kinawaka mara mbili. Ba mama munajua mwisho wake kuliko sisi.

Ya pili ni vidonge vya usingizi, kama Valium, vinavyouzwa ovyo kwenye maduka ya dawa ya Kenya na Katuba. Mwaka 2013 OMS iliandika wazi kwamba dawa za namna hii zisitolewe kwa mutu mukubwa kwa ajili ya dalili za trauma katika mwezi wa kwanza. Mwili unazizoea haraka, na hazigusi lile kumbukumbu. Fikiria dereva wa lori ya tani mia ambaye bado analewa usingizi saa kumi na moja ya asubuhi. Ziko dawa zingine, zile za kutuliza huzuni nzito, ambazo munganga anaweza kuandika. Zinasaidia wengine. Lakini zinachukua majuma mpaka zifanye kazi, haziachwi kwa ghafula, na OMS haiziweki mbele kama matunzo ya kwanza.

Ya tatu ni kutunzwa kwa maneno. Hapa njo tunaomba musome polepole, juu wengi wanafikiri ni kupiga soga tu. Haiko hivyo. Ni kazi, na inaumiza mbele ya kuponya.

Iko namna moja ambayo mutu anafundishwa kupima mawazo yake mwenyewe. Aliyeokoka anabeba neno kama hili: «Mimi njo nilimuua, juu tulibadilishana poste.» Anayemutunza hamwambii paka «sahau». Wanashika lile neno pamoja, wanaligeuza: nani alijua ukuta utaanguka? Nani alikuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi? Kidogo kidogo mzigo unakwenda mahali pake. Namna hii ilijaribiwa hapa hapa Kongo, kwenye vijiji vya Kivu, kwa wanawake zaidi ya 400 waliopitia jeuri ya kingono, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Wengine walipewa msaada wa kuongea na mutu mumoja mumoja. Wengine walikutana kwa kikundi, mikutano karibu 12. Wote walipata nafuu. Lakini miezi sita baadaye, kwa wale wa msaada wa kawaida, 42 kwa 100 walikuwa bado na huzuni nzito ao wasiwasi wa ugonjwa. Kwa wale wa kikundi walikuwa 9 kwa 100, na kwa trauma yenyewe tofauti ilikuwa ya namna ile ile. Wengi wao hawakujua kusoma. Na waliowaongoza hawakuwa wanganga wakubwa kutoka Ulaya. Walikuwa wasaidizi wa palepale, watu wa masomo ya sekondari, waliofundishwa vizuri na kufuatiliwa.

Namna nyingine ni ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio. Unatandika kamba chini, kutoka kuzaliwa mpaka leo. Unaweka ua pale palipokuwa na furaha, unaweka jiwe pale palipokuwa na ubaya. Kiisha unapita jiwe moja moja na anayekutunza, unasimulia yote mpaka jiwe linapata mwaka wake na siku yake. Namna hii ilitumiwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa Wanyarwanda na Wasomali, na wakimbizi wenyewe njo walifundishwa kuwatunza wenzao. Kwetu sisi wa mawe, ile picha haitaji maelezo mingi.

Iko pia ile ambayo unakumbuka tukio huku macho yakifuata vidole vya munganga kushoto na kuume. Inaitwa EMDR. Inashangaza, lakini OMS iliikubali mwaka 2013. Haitaki kusimulia kila kitu kwa sauti, na iko watu ambao hilo linawafaa. Inataka tu mutu aliyefundishwa kweli.

Na maombi? Hatutamwambia mutu aache kanisa yake. Pasta anayekaa na mujane mpaka asubuhi anafanya kazi ambayo munganga hafanyi. Lakini pasta anayesema ndoto zako ni mapepo, na umulipe ili ayafukuze, anakuongezea jiwe. Maombi na matunzo vinaweza kutembea pamoja. Kimoja kisifunge njia ya kingine.

Basi, kikundi ao peke yako? Sisi tumeona mambo mawili. Kikundi kinafaa wale waliookoka ajali moja, juu mumoja akisema «na mimi ninaisikia ile kelele», mwingine anapumua. Lakini chef asikae ndani. Siku kiongozi wa timu anakaa kwenye duara, hakuna atakayesema kwamba aliona nyufa kwenye ukuta juma moja mbele na akaambiwa aendelee na kazi. Na mutu mwenye siri yake, ya nyumbani ao ya vita aliyokimbia mbele ya kufika Lubumbashi, huyo apewe chumba na mutu mumoja.

Tuseme pia juu ya desturi ya makompani. Baada ya ajali wanaleta psikologi siku mbili, wanakusanya watu wote ndani ya salle, kila mutu anaambiwa aeleze alichoona, kiisha wanapiga picha na mambo yameisha. OMS haishauri kulazimisha watu namna hiyo kusimulia siku za kwanza. Siku za kwanza mutu anataka maji, usingizi, habari za kweli na watu wake. Matunzo yenyewe yanakuja baadaye, kwa yule ambaye hajapona, na hayaishi kwa siku mbili. Wenzetu 33 wa Chile, wale waliokaa siku 69 chini ya ardhi mwaka 2010, dunia yote iliwapigia makofi walipotoka. Miaka ilipita, na bado iko kati yao waliopigana na ndoto mbaya.

Lakini, ndugu, njia nzuri kuliko zote haina maana kama mufanyakazi anaogopa kufungua mlango. Yule dereva wetu hakukosa dawa. Alikosa ulinzi. Hapa Lubumbashi iko kituo cha Joseph Guislain cha magonjwa ya akili, wako wanganga na psikologi kwenye Cliniques Universitaires. Mutu anapita mbele ya mlango na kurudi, juu anaogopa vitu viwili: kuitwa wazimu kwenye avenue yake, na kuitwa inapte kwenye kazi.

Tunakubali jambo moja bila kuzunguka: dereva ambaye hajalala siku tatu asipande lori. Ni hatari kwake na kwa wenzake. Lakini kumuondoa kwenye lori si kumuondoa kwenye kazi. Apewe kazi nyepesi kwa muda, na mushahara ule ule, mpaka apone.

Sheria ya kazi ya 2002 inamwomba mwenye kazi atunze afya ya mufanyakazi na familia yake. Haikusema paka mifupa. Kwa hiyo, mbele ya mazungumuzo yanayokuja ya convention collective, tunaweka mezani haya:

Kwanza, kila ripoti ya ajali iandike majina ya wote waliokuwa pale, hata wasio na kidonda. Ndugu, usitoke bila jina yako kuonekana. Kesho utahitaji ushahidi huo.

Pili, mutu aelezwe kwa Kiswahili njia zilizopo na achague mwenyewe, akiwa huru kubadilisha ikimushinda.

Tatu, masaa ya matunzo yahesabiwe kama masaa ya kazi, mpaka mwisho wa matunzo, na wale wa sous-traitance wasiachwe nje. Wajane na watoto nao waingie.

Ine, anayemutunza mutu asiwe yule yule anayesaini aptitude, na maneno ya ndani ya chumba yasifike kwa chef.

Tano, wauguzi wa mgodi na watu wetu waliochaguliwa wafundishwe. Kama iliwezekana Kivu, katikati ya vita, itashindikana vipi hapa, penye shaba na kobalti?

Na ninyi ba mama: munaona ugonjwa huu mbele ya sisi. Bwana akianza kulala kwenye kiti na viatu mguuni, musingoje mpaka apige mutu. Mumulete kwetu, ao mukuje ninyi.

Yule dereva tulimuchangia, kila mutu kidogo, akaanza na psikologi mumoja wa muji. Alichagua ile ya kupima mawazo, peke yake, juu hakutaka kuongea mbele ya watu. Mukutano wa tatu alitaka kuacha. Tulimusindikiza mpaka mlangoni. Leo hajapona yote. Mvua kubwa ikinyesha bado anatoka nje kuangalia ukuta wa nyumba. Lakini amerudi kulala chumba kimoja na bibi yake. Kila mutu kidogo ilitosha kwa mumoja. Kwa wale wengine wa siku ile, mufuko wetu hautoshi, na haikupasa kuwa mufuko wetu.