Mashine ya leza shuleni: tuinunue au tuiunde?

Tangu wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 7 walipoingia Sekondari Msingi mwaka 2023, somo la awali la ufundi limewatoa walimu wengi jasho jembamba. Mtaala wa Umilisi unataka mwanafunzi atende, si akariri tu. Lakini atende kwa chombo gani, hilo aghalabu limeachiwa mwalimu mkuu na mfuko wake. Kundi hilo hilo lilipangiwa kuingia Sekondari Pevu mwaka 2026, ambako mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati unahitaji vifaa vingi zaidi. Si ajabu basi kwamba mawakala wa vifaa wanabisha hodi shuleni wakiwa na vijitabu vyenye picha za kupendeza. Miongoni mwa wanavyovisifu ni mashine ya kukata na kuchora kwa mwali wa leza, inayoongozwa na kompyuta. Chombo kile kile kinachotumiwa mijini na watengenezaji wa mihuri, vikombe vya ushindi na kadi za harusi.

Sina ugomvi na mashine hiyo. Ugomvi wangu ni na namna inavyoingia shuleni, nami nasema kama mtu aliyeungua vidole. Mimi na chama cha sayansi cha shule ninakofundisha tuliiunda ya kwetu kwa mihula mitatu.

Kwa msomaji asiyeijua, ndani yake hamna uchawi. Kuna fremu ya pembe nne, reli, na mota mbili. Mota moja huvuta kichwa cha mashine kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma. Kila nukta ya ubao unaokatwa ina anwani ya namba mbili, sawasawa na grafu ya x na y tunayochora darasani, na kompyuta huigeuza picha kuwa orodha ndefu ya anwani hizo. Wazo lenyewe ni kongwe. John Parsons wa Marekani alilifikiria alipokuwa akitafuta njia ya kuunda mapanga ya helikopta kwa usahihi, na mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960. Kilichobadilika siku hizi ni gharama. Arduino, bodi ndogo ya kompyuta isiyozidi kiganja, ilizaliwa Italia mwaka 2005, na mnamo 2009 Simen Svein Skogsrud wa Norway akatoa programu iitwayo Grbl, inayoiwezesha bodi hiyo kuendesha mota, bila kudai hata senti.

Basi fremu yetu ilichomelewa na fundi wa jua kali aliyeko nyuma ya soko. Reli zilikuwa za droo za meza. Mota zilitoka katika printa kuukuu zilizokuwa zikisubiri kutupwa. Mikanda na vigurudumu vyake vya meno tulivinunua Nairobi, kimoja duka hili na kingine duka la pili, maana la kwanza lilikuwa limeishiwa. Kumbuka jambo hilo, msomaji, litatufaa hivi punde.

Kabla ya kuwasha chochote, tulipiga hesabu ubaoni. Mota yetu hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200. Kidhibiti chake huigawa kila hatua mara 16, hivyo tukapata hatua ndogo 3,200. Mkanda una jino kila milimita 2. Kigurudumu chenye meno 20 huusogeza milimita 40 kwa mzunguko. Gawa 3,200 kwa 40, unapata 80. Tukaiambia mashine kwamba kila milimita ni hatua 80, kotekote, tukafunga kalamu ya wino pale leza ilipokusudiwa kukaa, tukaiamuru ichore duara la kipenyo cha milimita 100 juu ya karatasi ya manila.

Ikachora yai.

Upana wake ulikuwa milimita 100 kamili, lakini urefu ulikuwa 80. Wanafunzi walicheka, nami nikajitia kujua. Nilisema mkanda umelegea. Tukaukaza, yai likabaki yai. Nikasema programu ina kasoro. Tukaifuta na kuiweka upya. Nikaishutumu hata ile reli ya droo. Wiki mbili zikapita hivyo, mwalimu akitoa amri na mashine ikimkaidi. Hatimaye msichana mmoja wa gredi ya 8, ambaye sikuwa nimemsikia akisema mengi, aliuliza kwa nini kosa ni lile lile kila mara. Kitu kilicholegea, alisema, hakikosei kwa kipimo kimoja siku zote. Akachukua kijiti cha kuchokolea meno, akahesabu meno ya kigurudumu cha pili, jino baada ya jino. Yalikuwa 16.

Duka la pili lilikuwa limetuuzia kigurudumu kidogo zaidi, na hakuna aliyekitazama. Meno 16 mara milimita 2 ni 32; gawa 3,200 kwa 32, unapata 100. Tulibadilisha namba moja tu katika programu, na jioni hiyo yai likawa duara. Nimefundisha uwiano kwa miaka mingi, lakini sijapata kuona ukieleweka kama siku ile, wala si mimi niliyeufundisha.

Sasa rudi kwa wakala na kijitabu chake. Mashine yake ingechora duara siku ya kwanza. Hapo ndipo ilipo hasara, kwani duara lililokuja sawa halimwulizi mtu swali. Tena ikiharibika, nani ataifungua? Itangoja fundi wa kampuni, na wakati inangoja itafungiwa kabatini pamoja na vifaa vingine tulivyokwisha kuletewa. Wenye umri wangu wanakumbuka mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Wazazi walichanga kwa harambee karakana zikajengwa, lakini nyingi hazikuona hata randa wala jiliwa, na mwaka 2002 masomo ya ufundi yakapunguzwa. Nimewahi kufundisha katika shule ambako karakana hiyo ilikuwa ghala la mahindi. Kosa la wakati ule lilikuwa jengo lisilo na vifaa. Nachelea kwamba la sasa litakuwa kifaa kisichofunguliwa.

Kuna na suala la alama. Mtaala huu humpima mwanafunzi kwa miradi, na kila mzazi anajua yanayotokea usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Mashine za leza zimetapakaa mijini. Kwa ada ndogo zitakukatia nyumba ya mbao yenye madirisha na mapaa, kingo zimenyooka kuliko za seremala. Mwalimu anayetoa alama kwa umaridadi wa kazi atampa alama zote mtoto wa mwenye pesa. Laiti tungempima mwanafunzi kwa daftari la makosa yake, kile alichojaribu, alichopima, alichokibadilisha na kwa nini, kazi ya kununuliwa isingefua dafu, kwa sababu duka haliuzi wiki mbili za kukanganyikiwa.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu, nayo ni nzito, kwa hiyo sitaipita haraka. Leza si mchezo wa watoto. Kichwa tulichonunua kiliandikwa wati 40 kwenye sanduku. Hizo ni wati za umeme unaoingia. Mwanga unaotoka ni kama wati 5, hila ya kibiashara ambayo mnunuzi hana budi kuijua. Hata hivyo wati 5 ni mara 10 ya nusu wati, kiwango ambacho leza ikikipita huwekwa katika daraja la 4, lililo la hatari kupita yote. Mwali wa buluu wa nanomita 450 hupenya mboni na kukusanywa na jicho lenyewe hadi kwenye retina. Retina haihisi maumivu. Mtoto anaweza kupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuona asijue mpaka atakaposhindwa kusoma, na hakuna daktari atakayemrudishia. Hata mng'ao unaorudi kutoka ubaoni waweza kudhuru.

Wengi hudhani kifuniko cha plastiki angavu kinatosha. Hakitoshi! Mwali wa buluu haukati plastiki angavu kwa sababu unaipita, na kwa sababu hiyo hiyo utalipita dirisha hilo mpaka jichoni. Sisi tulifunika mashine yote kwa sanduku la plaiwudi, tukaweka swichi inayokata umeme kifuniko kikiinuliwa, na ndani tukatia simu kuukuu ili kamera yake ituonyeshe kazi inavyokwenda. Miwani ilikuwa ile iliyoandikwa urefu wa wimbi inaouzuia, si miwani ya jua wala ya mchomeleaji. Feni hutoa moshi nje. Plastiki ya PVC imepigwa marufuku kabisa, kwani ikiungua hutoa gesi ya sumu inayokula hata chuma cha mashine. Nani akatoka chumbani mashine ikiwa inakata? Hakuna, hata kwa dakika moja, maana mbao ni kuni. Ama zile leza za bomba la kioo lenye gesi ya kaboni dioksidi, ambazo hutaka umeme wa volti maelfu kwa maelfu, hizo nasema wazi kwamba shule isijaribu kuziunda.

Lakini tazama tena mambo yalivyofuatana. Yai lile lilichorwa kwa kalamu. Hesabu ya meno, grafu, mota, programu, kuchomelea, kugombana na kupatana, yote hayo yalifanyika kabla leza haijafika shuleni. Ilifungwa muhula wa tatu, baada ya sanduku kukamilika na kukaguliwa na fundi wa umeme. Shule isiyo na miwani wala sanduku inaweza kubaki na kalamu, na itakuwa imepata karibu mafunzo yote bila kuhatarisha jicho hata moja. Ikitaka kukata kweli, na iwe na fedha, inunue kichwa cha leza na vifaa vya usalama kwa mwuzaji anayeaminika, na yaliyosalia iyaunde.

Bodi ya shule yetu itakutana muhula ujao kuamua kuhusu mashine ya wakala, na nimetakiwa kuwasilisha maoni kwa maandishi. Nitayaambatanisha na ile karatasi ya manila. Pembeni mwa yai bado kuna hesabu ya yule msichana kwa penseli, na alama ya mkwaruzo mahali alipofuta 20 akaandika 16.