Maumivu Si Ushujaa

Siku za mwisho wa juma, vikundi vya mbio vinapopita barabara ya Capri Point hapa Mwanza wakati jua linachomoza, utasikia kelele moja: "Kaza! Usiwe legelege!" Kelele hiyo huelekezwa kwa yule wa nyuma kabisa, aliyeanza kukimbia majuzi tu, ambaye sasa anachechemea. Mimi nimekula chumvi nyingi katika kazi ya ualimu, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba hayo ni mafundisho mabaya. Yanaumiza miguu, na zaidi ya hapo yanawarudisha vitini watu ambao mbio zingewapa afya.

Wengi wanaoanza leo hawatafuti medali. Ni karani wa miaka hamsini aliyeambiwa na daktari kuwa shinikizo la damu limepanda. Ni mama muuza dagaa aliyegundulika ana kisukari. Ni mstaafu kama mimi. Mtu wa namna hiyo akiumia goti wiki ya tatu, harudi tena. Atasema mbio hazimfai, kumbe kilichomshinda ni namna alivyofundishwa.

Watetezi wa ukali huo wana shahidi wao, John Stephen Akhwari. Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, Akhwari alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Alifika uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Namheshimu kwa moyo wote. Lakini tumsome vizuri. Akhwari hakuwa mtu wa wiki ya tatu. Alikuwa mkimbiaji aliyekomaa, akibeba jina la taifa changa. Ile ilikuwa siku moja ya pekee. Kuigeuza kuwa somo la kila asubuhi ni sawa na kumpa mtoto wa darasa la kwanza mtihani wa darasa la saba, kisha kumchapa kwa kufeli.

Mwili, ndugu msomaji, una ratiba yake. Moyo na pumzi hupata nguvu upesi. Baada ya wiki chache mtu huona mlima wa Bugando umepungua urefu. Mifupa na kano huchelewa. Kano hupata damu kidogo, hivyo hujiimarisha kwa miezi. Mfupa nao ukipewa kazi mpya, mwili huondoa kwanza sehemu iliyochakaa ndipo uijaze upya, kama fundi anayebomoa tofali bovu kabla ya kuweka zima. Ukiulemea mno wakati huo, huweza kupata ufa. Ndiyo maana wengi huumia pale pale wanapoanza kujiona wameweza.

Dawa tulikuwa nayo shuleni: mchakamchaka. Wanafunzi walikimbia alfajiri huku wakiimba na kuitikiana, na mwenye pumzi ya kuimba hajazidisha mwendo. Kipimo hicho hakihitaji saa wala fedha. Ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima, uko sawa. Ukitoa neno moja moja kwa kuhema, punguza. Anayeanza akimbie dakika moja, atembee mbili, arudie mara nane, siku tatu kwa juma, na siku ya mapumziko katikati. Mwenye maradhi amwone daktari kwanza. Baadaye aongeze kidogo kidogo, wala asiongeze umbali na kasi kwa pamoja. Vilima vyetu vya mawe avisubirishe. Mchanga laini wa ufukweni nao, japo unabembeleza nyayo, huvuta mno kano ya kisigino. Hata ukingo wa lami huinamia mtaroni, na anayekimbia upande uleule daima huulemea mguu mmoja.

Uchovu wa misuli unaoisha kwa siku moja au mbili ni wa kawaida. Maumivu ya mahali pamoja, unayoweza kuyaonyesha kwa kidole, yanayozidi kadiri unavyokimbia, ni onyo. Simama. Yasipoisha, nenda hospitali. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha papo hapo na utafute msaada. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Najua nitaambiwa nafuga uvivu. Basi tumtazame Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani mstarini kabisa, kwa sehemu 3 za mia za sekunde, wote wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Shaba yake ya London aliipata mwaka 2017. Kati ya medali hizo mbili ipo miaka minane. Nani atamwita Simbu legelege?

Ninalowataka viongozi wa vikundi ni jambo dogo. Mkimbiaji wenu mwenye nguvu kuliko wote mpangeni nyuma, akimbie na mgeni, azungumze naye njia nzima, na mgeni akitembea naye atembee. Kisha msihesabu waliofika Jumapili hii. Hesabuni watakaokuwa bado wanakimbia Jumapili kama hii mwakani.