Pesa zimefika kaunti, lugha bado iko Nairobi

Tuseme ukweli, wasomaji wangu: ugatuzi tuliupenda kwa sababu ya pesa. Katiba tuliyoipitisha kwa kura ya maamuzi Agosti 4, 2010 ilituletea kaunti 47, na kifungu cha 203 kikaamuru zigawiwe asilimia isiyopungua 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 tunamjua wa kumlaumu zahanati ikikosa dawa. Hayo ni mafanikio, na mimi simo katika kundi la wanaotamani kurudi enzi za mkuu wa mkoa.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakikugatuliwa, nacho ni lugha. Mamlaka yalitoka Nairobi yakafika Marsabit, Kilifi na Bomet, ila karatasi zinazoyaeleza zimebaki kwa Kiingereza kilekile cha ofisi kuu. Fungua tovuti ya kaunti yako utafute bajeti au mswada wa fedha. Kwa kawaida utakuta faili ya PDF yenye kurasa chungu nzima, Kiingereza mwanzo mwisho. Mara nyingine ni karatasi zilizopigwa skani tu, hata kutafuta neno moja ndani yake huwezi.

Halafu wananchi wanaitwa ukumbini "kutoa maoni". Mwaka jana niliketi katika mkutano kama huo, katika kaunti ambayo sitaitaja. Afisa alisoma jedwali kwa Kiingereza, akatafsiri vichwa vya habari tu, akauliza kama kuna swali. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu aligeuka akaniuliza polepole, "Mwanangu, hapo wamesema nini kuhusu ada ya soko?" Ada ilikuwa inapanda. Yeye huuza nyanya. Jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya waliohudhuria, kwa hiyo kwenye ripoti yeye ni mmoja wa walioshirikishwa.

Na si kwamba sheria haipo. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwezeshe umma kushiriki. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, kisha kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kifungu cha 5, inataka habari zisambazwe kwa kuzingatia lugha ya mahali husika. (Maneno yake yanafanana sana na ya sheria ya India ya 2005. Kunakili kuzuri huku!)

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni tunayofundishwa mapema: maneno anayoyaona mtumiaji usiyaandike ndani ya msimbo. Yaweke kwenye faili ya pembeni. Siku ukitaka programu iongee Kiswahili au Kisomali, unaongeza faili moja na injini huigusi. Ukiyachomelea maneno ndani ya msimbo, kila lugha mpya inakuwa mradi mpya, na miradi mipya huahirishwa. Kaunti zetu zimechomelea Kiingereza ndani. Hakuna bajeti ya tafsiri, hakuna afisa wa tafsiri, kwa hiyo kila mara jibu ni "hakuna muda".

Najua pingamizi linalokuja: ukabila. Silichukulii kirahisi. Baada ya ghasia za 2007 na 2008 tuliona mtangazaji wa redio ya lugha ya mama akifikishwa mbele ya mahakama ya ICC, ingawa kesi hiyo ilisitishwa Aprili 2016. Hofu hiyo ina mizizi. Lakini angalieni wanasiasa wetu. Wakati wa kampeni wanahutubia kwa lugha ya mama bila haya yoyote. Ni pale tu inapofika kueleza ushuru na zabuni ndipo wanapokumbuka Kiingereza. Lugha zetu zinatumika kuomba kura na kuchochea, zikifika kwenye hesabu zinafungiwa nje. Hapo ndipo penye hatari zaidi, kwa maoni yangu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kaunti nyingi hazina lugha moja. Marsabit peke yake ina Waborana, Wagabra, Warendille, Waburji na wengine. Tana River ina Wapokomo na Waorma. Ukichagua moja, umewatenga wengine. Afrika Kusini walilikabili swali hili katika katiba yao ya 1996: kila mkoa lazima utumie angalau lugha rasmi mbili, na manispaa zizingatie lugha za wakazi wake. Western Cape inatumia tatu: Kiafrikana, Kiingereza na Kixhosa. Kiingereza bado kinatawala ofisini kwao pia, nisiwapambe. Lakini mkazi ana kifungu cha kushika mkononi anapolalamika.

Kwetu ningeanza na Kiswahili, maana hakina kabila la kukionea wivu na tayari ni rasmi. Muhtasari wa kurasa kumi, si kitabu kizima: ada zipi zinapanda, wadi ipi inapata nini. Utolewe kama maandishi ya kawaida, si picha, ili yeyote aweze kuuchukua na kuufanyia kazi. Kisha kila bunge la kaunti liamue lenyewe ni lugha zipi za kurekodiwa kwa sauti na kurushwa redioni na kwenye WhatsApp. Wengi wanaosikia Kirendille vizuri hawajawahi kukisoma, kwa hiyo sauti itawafikia kuliko karatasi.

Vijana walishaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2024 walieleza Mswada wa Fedha wa kitaifa kwa video za lugha mbalimbali za Kenya, bila kulipwa, ndani ya wiki chache. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Hiyo ni miezi miwili ya kutafsiri kurasa kumi.