Nyimbo za marehemu zina wenyewe

Septemba mwaka 2024, habari za kifo cha Teddy Kalanda Harrison zilinikuta hapa Isiolo, katika hoteli moja karibu na pale yanapopakia magari ya Moyale. Chai ilikuwa bado moto. Redio ya hoteli, kama redio nyingi siku ile, ikapiga "Jambo Bwana". Niliwaambia wenzangu mezani kwamba aliyeutunga wimbo ule, mwanzilishi wa Them Mushrooms, ndiye aliyefariki. Mmoja wao, mzee anayeuza ng'ombe, akaniuliza kwa mshangao wa kweli: kwani ule wimbo una mwenyewe?

Mimi ni mtu wa Kisauni na kazi ndiyo iliyonileta huku, huu mwaka wa nane sasa. Swali lile liliniuma kwa sababu sikuwa na la kumlaumu. Wimbo unaojulikana na kila mtoto wa Kenya, ambao Boney M waliuimba kwa namna yao mwaka 1983, ambao watalii huondoka nao Mombasa pamoja na vinyago, umekuwa mkubwa mpaka umemmeza mtunzi wake. Watu huudhani ni wa zamani za zamani, kama vitendawili.

Linganisha na yaliyotokea hapa Novemba 2022, Ali Birra alipofariki kule Adama, Ethiopia. Waborana wa Isiolo ni Oromo, ndugu wa wale wa ng'ambo ya mpaka, na hakuna aliyeniuliza Ali Birra ni nani. Nyimbo zake zilitoka kwenye simu, kwenye maduka, kwenye magari. Ilikuwa vivyo hivyo Hachalu Hundessa alipopigwa risasi Addis Ababa usiku wa tarehe 29 Juni 2020. Vijana wa hapa walilitaja jina lake kabla hawajautaja wimbo wowote. Huku jina hutangulia wimbo. Kwetu Pwani wimbo hubaki na jina likapotea, na jina likishapotea hata haki yake haina pa kushikia.

Tunaujua utaratibu wetu. Mwanamuziki akilazwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa na namba ya kuchangia hutumwa. Akifa, wanasiasa hutuma rambirambi, redio hupiga nyimbo zake siku tatu, wengine hujitokeza na ahadi ya kujenga ukumbusho. Nimechangia mara kadhaa na nitachangia tena, sina ubaya na harambee. Ila tumemzika Juma Bhalo Aprili 2014, tukamzika Zein l'Abdin mwaka 2016, Ally B mwaka 2022, kisha Teddy Kalanda, na katika mazishi yote hayo sijasikia mtu hata mmoja akisimama kuuliza swali ambalo huulizwa kwenye matanga ya mkulima yeyote: ameacha shamba gani, na hati iko wapi?

Maana shamba lipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda utunzi wa muziki kwa muda wote mtunzi anapoishi, kisha miaka 50 baada ya kumalizika mwaka aliofariki. Piga hesabu. Alichotunga Teddy Kalanda kinalindwa hadi mwisho wa 2074. Mtoto anayezaliwa leo Kaloleni atakuwa mtu mzima mwenye wajukuu pengine, na wimbo bado una mwenyewe. Tena haki hiyo hurithiwa, kama mali nyingine inayohamishika. Anaweza kuiacha kwa wosia, na asipoacha wosia inaingia katika mirathi. Kwa familia ya Kiislamu ina maana inaweza kupelekwa mbele ya Kadhi na kugawanywa kwa mafungu kama nyumba au ng'ombe.

Watu wa Isiolo wanalielewa jambo hili upesi kuliko sisi. Mji huu umejaa watu waliokaa kwenye ploti miaka 30 wakiwa na barua tu ya kugawiwa, bila hati. Wanajua kwamba kukaa si kumiliki, na kwamba ubishi huanza siku mzee akifa, wakati aliyekuwepo ameondoka na aliyebaki hana karatasi.

Sasa ugumu. Wimbo mmoja si shamba moja. Mchukue Bhalo. Mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule wa Malenga wa Mvita. Maneno ni ya mshairi, na fungu la maneno ni lake na warithi wake. Tuni, tukubali ukweli, mara nyingi ilitoka kwenye filamu za Kihindi, na hapo familia ya mwimbaji haina la kudai. Sauti iliyomo kwenye kanda ni ya Bhalo, na yeye kama mwimbaji ana haki yake tofauti. Na ile rekodi yenyewe ina haki yake kwa aliyeitengeneza. Kanda za taarabu za Mombasa zilirekodiwa na kuuzwa madukani, Mbwana Radio Service likiwa moja ya yanayokumbukwa sana, na makubaliano mengi ya enzi zile yalikuwa ya mdomo, kwa kuaminiana. Walioaminiana wanaisha.

Ndiyo maana vilianzishwa vyama vitatu: MCSK ya watunzi, KAMP ya watayarishaji wa rekodi, PRISK ya waimbaji na wapigaji. Na muda haulingani. Rekodi hulindwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa, si tangu mtu alipokufa. Kwa hesabu hiyo kanda ya mwaka 1970 ilikwisha ulinzi wake mwisho wa 2020, ingawa maneno na utunzi vilivyomo bado vina wenyewe. "Jambo Bwana" ilirekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo haki ya rekodi ile itaisha mwanzoni mwa miaka ya 2030 huku haki ya utunzi ikiendelea kwa zaidi ya miaka 40. Familia isiyoijua tofauti hii inaweza kusaini karatasi moja ikadhani imeuza kanda, kumbe imeuza wimbo.

Na bila karatasi, hata umaarufu haukusaidii. "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William karibu mwaka 1960, ukazunguka dunia kwa sauti ya Miriam Makeba. Fadhili alifariki mwaka 2001. Hadi leo ukiutaja kwenye baraza la kahawa Mombasa utasikia majina mengine ya wanaosemekana kuwa ndio watunzi, Adam Salim miongoni mwao, na kila mmoja ana mashahidi ambao wote ni marehemu.

Najua jibu nitakalopewa: hata ukiandikisha, pesa haziji. Kuna ukweli hapo. Vyama vyetu vimekuwa na misukosuko ya aibu. Mwaka 2017 Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ilikataa kuipa MCSK leseni ikaipa MPAKE, kesi zikafuata, na mwenye hoteli wa hapa Isiolo hakujua amlipe nani kwa redio yake. Wanamuziki wametangaza hadharani mirabaha isiyotosha nauli ya kuifuata. Sitetei hilo. Lakini chama kikiwa kibovu, familia yenye orodha ina la kudai na pa kushtaki. Isiyo na orodha haiwezi hata kudhulumiwa ikajua. Na fedha za muziki sasa hazipitii kwenye vyama peke yake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalimtengea msanii asilimia 52 ya mapato ya milio ya simu. Ya nani, akiwa amekufa na hakuna aliyejitokeza?

Kuna jibu la pili, ambalo husemwa kwa sauti ya chini zaidi. Baadhi ya familia zetu haziutaki muziki wa marehemu. Bhalo mwenyewe aliacha kuimba mwaka 2007, miaka saba kabla ya kufariki. Kuna watoto wanaoona heri baba apumzike na nyimbo zipumzike naye. Nawaheshimu. Lakini hao ndio wanaoihitaji hakimiliki kuliko wote, kwa kuwa haki ya kumiliki ni pamoja na haki ya kukataa. Uchaguzi wa 2027 hauko mbali, na magari ya kampeni hayaombi ruhusa. Asiyetaka sauti ya babake ipigwe juu ya lori la mwanasiasa, au itangaze pombe, lazima kwanza aonyeshe kwamba yeye ndiye mrithi.

Mwaka jana kijana mmoja wa hapa mjini aliniita kwao. Babake, aliyepiga gitaa na kuimba Kiborana kwenye harusi tangu ujana wake, alikuwa amefariki miezi michache kabla. Hakuwahi kuingia gazetini. Kijana alinitolea katoni ya kanda, akaniuliza kama zina thamani. Sikuwa na jibu la thamani. Nilimwambia tuziandike. KECOBO ina usajili wa mtandaoni, na ingawa hakimiliki haihitaji kusajiliwa ili iwepo, cheti husaidia ubishi ukizuka. Lakini fomu inataka jina la wimbo, mtunzi, mwaka. Hapo ndipo tulipokwama.

Tulichofanya ni kumwita mzee aliyekuwa akimpigia marehemu ngoma. Tukampa chai ya maziwa ya ngamia, tukaweka redio ya kanda katikati. Kila wimbo ukianza, alisema nani aliutunga, harusi ya wapi, nani yumo kwenye kiitikio. Mara mbili alisema wimbo si wa marehemu, ni wa mtu mwingine, na kijana akaufuta kwenye orodha bila ubishi. Kufikia alasiri tulikuwa na nyimbo 19 zenye jina na mtunzi. Kanda nne hazikuwa na maandishi yoyote, na moja ilikatika ndani ya redio. Mzee alisema anazijua, ila amechoka, turudi Alhamisi.

Alhamisi tulirudi. Tukaongeza sita. Orodha imeingizwa katika faili ya mirathi pamoja na ploti na mbuzi, na kesi bado haijasikizwa.