Nani Atabeba Mzigo?



Katika likizo nilisafiri na mjomba wangu kusini, upande wa Fizi. Tulishuka katika boti, tukaanza kupanda mlima kwa miguu. Sisi wa Kavimvira tunaona milima kila asubuhi nyuma ya nyumba zetu, lakini kuitazama si kuipanda. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, na kule Itombwe kilele cha Mohi kinafika mita 3475. Barabara hatukuipata. Njia ni nyembamba, inateleza, na kila kitu kinapanda juu ya mgongo au kichwa cha mtu: chumvi, sabuni, ndagala, hata mabati ya shule.

Baada ya saa mbili nilichoka. Nikampa kijana mmoja, mdogo kuliko mimi, abebe mzigo wangu. Mjomba akaniuliza: «Weye uko muzima, juu ya nini mutoto anabeba bintu byako?» Sikuwa na jibu. Jioni, karibu na moto, akaanza kunieleza habari za milima ile.

Mwaka 1964 maasi ya Simba yalifika kwetu, na Mei mwaka ule wakaushika mji wa Uvira. Siku zile Warusi na Wamarekani walikuwa wanashindana duniani pote. Silaha za Urusi na za Uchina zilipita Tanzania mpaka Kigoma, zikavushwa ziwa usiku. Aprili 1965 akavuka Che Guevara mwenyewe, akafika Kibamba. Walimwita Tatu, kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Nyuma yake wakaja Wakuba wengine, mpaka wakazidi 100.

Basi silaha zilikuwako, na mafundisho ya usawa yalikuwako. Lakini nani atabeba? Che aliandika baadaye kwamba wapiganaji, walipoambiwa wapandishe vyakula na risasi mlimani, walijibu kwamba wao si motokari. Wakubwa wao wengi walikaa Kigoma na Dar es Salaam. Laurent Kabila alikuja mwezi wa saba, akakaa siku chache tu, akarudi. Tarehe 29 Juni walishambulia Bendera, penye mtambo wa umeme, wakashindwa, na Wakuba 4 wakafa. Novemba ya mwaka uleule Tatu akavuka ziwa kurudi. Umoja wa Kisovieti nao ukavunjika mwaka 1991. Ile njia tuliyopanda ingali ya miguu.

Najua mwenzangu atasema: walishindwa kwa sababu serikali ilikuwa na ndege na askari wa kukodiwa. Ni kweli. Lakini ndege haimkatazi mtu kubeba chakula chake. Anayehubiri usawa na kumbebesha mwingine mzigo wake, watu wa mlimani wanamjua kabla ya adui kumjua.

Sasa turudi kwetu. Hapa shuleni nani anachota maji? Kila jioni wadogo wa mwaka wa kwanza wanapita na bidoni mbili mbili, na wakubwa wamekaa kivulini wanazungumza habari ya maendeleo ya nchi. Ukiuliza, unajibiwa: «Mi niko finalisti, bidoni ni kazi ya batoto!» Je, jibu hili si ndugu wa lile la motokari? Na huyu finalisti kesho atakuwa mwalimu, mganga au mkubwa wa serikali. Atajifunza lini kubeba, ikiwa hapa amejifunza kubebewa tu?

Siandiki kama mtu mwema. Mimi pia nilituma wadogo mwaka mzima, na mlimani nilirudia tendo lile. Asubuhi ya pili nilichukua mzigo wangu, na chumvi ya yule kijana pia mpaka juu. Mabega yaliuma siku tatu, lakini tulikula pamoja bila haya.

Ninaomba hivi: kuanzia Jumatatu kila mtu achote maji yake, na mafinalisti tutangulie. Asiyekubali aandike, gazeti letu lina nafasi. Lakini kwanza apitie kisimani.

Finalisti mmoja