HISABATI NYUMBANI: Kinyume cha nne ni kipi?

MTOTO wa darasa la saba akiulizwa kinyume cha 4, huenda akajibu, "Hasi 4." Mwenziwe aliyeketi ubavuni pake akajibu, "Robo." Mzazi asikiapo majibu hayo mawili aghalabu hudhani kwamba mmoja wao hakusoma. Kumbe wote wawili wamesema kweli. Lenye kasoro ni swali. Kinyume hakisimami peke yake. Hapana budi kwanza tujue ni tendo gani tunalotaka kulitengua.

Ndugu msomaji, na tuanzie Ngamiani, hapo Tanga, ambako barabara nyingi hutajwa kwa namba. Mtu akiondoka Barabara ya 8, akasonga mbele barabara 4, atafika Barabara ya 12. Akitaka kurejea alikotoka, atarudi nyuma barabara 4. Kwenda kwake tunakuandika +4, na kurudi kwake -4. Ukijumlisha viwili hivyo unapata sifuri, yaani ni kama kwamba mtu huyo hakuondoka. Hicho ndicho kinyume cha kujumlisha.

Mwaka 628 mtaalamu wa Bara Hindi, Brahmagupta, aliandika kanuni za namba hizi kwa kuziita mali na deni. Mwenye daftari la mikopo dukani anazifahamu kanuni hizo hata kama hazijui alama zake. Deni la shilingi 4,000 likikutana na malipo ya shilingi 4,000, kinachobaki ni sifuri, wala hapana tena wa kumdai mwenziwe.

Katika kuzidisha, safari ni nyingine, nayo haiishii kwenye sifuri bali kwenye moja. Sababu ni kwamba namba ikijumlishwa na sifuri haibadiliki, na ikizidishwa kwa moja haibadiliki pia. Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba 2 ni kisaga, na vibaba 4 ni pishi. Basi kibaba ni robo ya pishi. Chukua robo hiyo mara nne, pishi moja imetimia. Kwa hiyo 4 na robo ni vinyume katika kuzidisha, kwa kuwa zao lake ni 1.

Kwa sehemu, kazi ni nyepesi: kiasi kishuke chini na asili ipande juu. Kinyume cha 3/4 ni 4/3. Sifuri peke yake ndiyo isiyo na kinyume cha namna hii, maana hapana namba ambayo ikizidishwa kwa sifuri italeta moja. Ndiyo sababu mwalimu hukataza kugawanya kwa sifuri.

Huenda msomaji akauliza, haya yatamfaa nini mtu ambaye shule aliiacha zamani? Yatamfaa siku ya mshahara. Tuseme mfanyakazi anapata shilingi 200,000 kwa mwezi. Kazi ikadorora, mshahara ukapunguzwa robo, akabaki na shilingi 150,000. Baadaye akaambiwa: "Hali imetengemaa, tunakuongeza robo, umerudi ulipokuwa." Asiyejua hesabu atashukuru na kwenda zake. Lakini robo ya 150,000 ni 37,500. Mshahara mpya ni shilingi 187,500, na kila mwezi atapungukiwa na shilingi 12,500.

Kosa limetoka wapi? Limetokana na kuchanganya vinyume viwili. Waliosema "robo kwa robo" walidhani wanarudi kama mtu wa Barabara ya 12, hatua kwa hatua. Lakini mshahara haukutolewa hatua. Ulizidishwa kwa 3/4. Kinyume chake ni 4/3, yaani uongezwe thuluthi. Thuluthi ya 150,000 ni 50,000, na hapo ndipo shilingi 200,000 zinaporudi kamili. Robo iliyotolewa ilikatwa katika fungu kubwa. Robo iliyorudishwa imepimwa katika fungu dogo. Jina ni moja, fedha si sawa.

Wazazi, mtoto akileta daftari nyumbani akiwa amechanganya hasi 4 na robo, msiwe wepesi wa kumkaripia. Mwulizeni swali moja: unataka kurudi wapi, kwenye sifuri au kwenye moja? Akilijibu hilo, njia ataiona mwenyewe. Asipolizoea mapema, litamsumbua sekondari, ambako hisabati hiyo hiyo humjia kwa Kiingereza.

Zoezi la jioni ya leo kwa familia nzima: bei ya bidhaa imepanda kwa nusu yake. Ishuke kwa sehemu gani ili irudi pale pale? Anzeni na shilingi 1,000, ambazo sasa zimekuwa 1,500. Anayejibu "nusu" arudie hesabu yake, kwa kuwa atafika 750. Jibu ni thuluthi.