Madhara ya Bangi si Hoja ya Kujaza Magereza

Watetezi wa mkono wa chuma huanza na ukweli. Bangi inadhuru: huvuruga kumbukumbu, na kijana anayeanza mapema na kuvuta kila siku hujiongezea hatari ya maradhi ya akili. Sibishani na hilo. Lakini kati ya "inadhuru" na "afungwe" kuna hatua ambayo hawaithibitishi. Pombe nayo huua, na serikali huitoza kodi.

Tuitazame sheria yetu. Marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya yameweka kifungo cha miaka 30 kwa kusafirisha bangi isiyozidi kilo 50. Na "kusafirisha" kisheria humeza hata kuhifadhi na kuuza. Hivyo aliyebeba kilo mbili kwa ujira na mwenye shehena ya kilo arobaini wanasimama mbele ya adhabu ileile. Haki gani hii isiyojua kupima? Anayebeba mzigo ndiye anayekamatwa; mwenye mtaji hagusi kifurushi.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni mwaka 2011, tulikiri kwamba mraibu wa heroini ni mgonjwa. Iweje mvutaji bangi abaki mhalifu?

Sidai bangi iuzwe dukani. Nadai mtumiaji apelekwe kwa mganga, adhabu ipimwe kwa kosa, na dola ielekeze nguvu zake kwa wafadhili wa biashara hii. Sheria isiyotofautisha dagaa na papa hujaza magereza, huku bahari ikibaki ya papa.